Wimbo wa Kumliza Bibi Harusi

Kalarivka, wiki moja baada ya Sikukuu ya Vibanda, Oktoba 1908

Kwa mpwa wangu Berish,

Pokea salamu zangu mimi mjomba wako Zavel, za mkaza mjomba wako Toybe, za shemeji yangu Kopl, na hata za mbuzi wetu, ambaye juzi alikula kofia yangu ya Sabato na bado ananitazama kama vile mimi ndiye niliyemkosea. Sisi tu wazima. Toybe anakohoa, lakini ni kikohozi cha ubishi, kinamjia nikianza kuongea. Paa linavuja palepale ulipokuwa unalala, kwa hiyo hata ungekuwa hapa usingepata pa kulala. Usijute kuondoka.

Kazi si haba. Kabla ya sikukuu nilinyoa ndevu za nusu ya mji, na baada ya sikukuu tumepiga muziki kwenye harusi tatu. Kopl bado anapiga ngoma, bado hasemi. Miaka ishirini na miwili yuko nyuma ya mgongo wangu, nikigeuka namkuta. Watu wengine hawana bahati hiyo hata kwa wake zao.

Sasa nikueleze la maana. Wiki hii tulimketisha kitini kama bibi harusi Brayndl, binti wa yule mwalimu wa hesabu. Unamjua: jiwe. Akiwa na miaka sita alivunjika mkono, akamuuliza daktari umevunjika vipande vingapi. Wamemkalisha kwenye kiti, wanawake wamemzunguka, mkasi wa kukata misuko uko tayari, na mcheshi wetu wa harusi anamhubiria kuhusu marehemu bibi yake, taabu za ndoa, na shimo la kaburi. Brayndl anapiga miayo! Na wewe unajua, bibi harusi asipolia akiketishwa, mama mkwe ananuna mwaka mzima, na lawama zote anabebeshwa mpiga fidla.

Basi nikapiga ule wimbo wetu. Kufika zamu ya pili kidevu kinamtetemeka. Zamu ya tatu amelia, mama yake amelia, mpishi amelilia ndani ya supu, na watu wakasema mwaka huu supu imekolea chumvi vizuri.

Nakukumbusha kwa sababu uko mbali na mbali kuna vishawishi. Wimbo ule aliutunga babu yangu, akampa baba, baba akanipa mimi, na mimi nitakuachia wewe. Haujaguswa na wino na hautaguswa. Wimbo ukiandikwa ni kuku aliyeachwa barabarani: kila apitaye anamtia kwapani. Uliapa ukiwa na miaka kumi na mitatu, mkono juu ya ngoma ya Kopl.

Halafu nieleze, huko Viena unasomea nini hasa? Watu wakiniuliza nasema unasomea kutunga muziki, wananicheka. Sisi tulidhani mtu anatunga akiwa hana la kufanya.

Mjomba wako,
Zavel


Viena, 20 Novemba 1908

Shikamoo Mjomba,

Nimefurahi kusikia nyote mko salama, ukiacha kofia. Nami ni mzima. Nakula vizuri sana, mara nyingi. Mwambie Mama Toybe asitume tena soksi, kwani zilizotangulia bado zinasimama zenyewe kona ya chumba.

Unauliza nasomea nini. Asubuhi nasoma sheria za sauti: ipi ifuatane na ipi, na ipi isionekane hadharani na mwenzake. Mchana nafanya kazi. Jumatatu nakaa kiti cha mwisho kabisa katika jumba la opera, kwenye fidla, badala ya bwana mwenye jongo. Jumatano napiga zumari kwenye sarakasi. Kuna farasi anayecheza, nami nikikosea anageuka kunitazama mbele ya watu. Alhamisi kwenye mkahawa napiga kinanda, watu wanakula keki na hawasikii. Jumapili napiga harmoniamu mahali fulani ambapo huna haja ya kupajua. Wananiita "Bwana Kila Kitu". Ukiniletea sufuria nitaipiga.

Habari kubwa ni kwamba chuoni tulitakiwa kutunga kazi ya kuhitimu. Profesa wangu, ambaye masharubu yake yanaingia chumbani kabla yake, alirudisha kazi zangu mbili. Alisema: "Kijana, sheria zote umezifuata, na nimelala mara mbili. Wewe hukutoka mahali? Huko ulikotoka hawalii?" Nikaumia. Nikakaa nikatunga kazi ya fidla mbili, viola na selo mbili, ina sehemu tatu. Imepata zawadi ya kwanza! Mchapishaji mmoja wa Laipzig ameipenda na ataichapisha.

Sehemu ya pili ni ya polepole. Wazee wawili mstari wa mbele walitoa leso. Ningekueleza zaidi kuhusu sehemu hiyo ya pili, ila karatasi imeniishia.

Mpwa wako mtiifu,
Berish


Kalarivka, Jumatatu, Februari 1909

Berish,

Salamu. Karatasi ilikuishia, na chini yake umechora farasi. Haya. Toybe hajambo. Hasemi nami. Mbuzi hajambo. Kwa sasa ndiye pekee anayenijibu humu ndani.

Tumeibiwa!

Jumanne iliyopita nilialikwa Rezinka, kwenye harusi ya mpwa wa mke wa rabi. Sikualikwa kupiga, nilialikwa kula. Waliokodiwa kupiga ni kundi la Yoyne Mwekundu, wale sita wenye viatu vinavyofanana, na mmoja wao anasoma noti kama karani. Nimeshika mguu wa bata. Wanamketisha bibi harusi. Yoyne anaweka fidla begani, ananikonyeza, kisha anapiga nini? Ule wetu! Kutoka mwanzo hadi mwisho, na hata ile kwikwi ya katikati, pale fidla inapokatika kama mtu anayelia, aliitia. Bibi harusi analia, wanawake wanalia, nami nimesimama na mguu wa bata mkononi, nalia kwa hasira, na mama mmoja ananipigapiga mgongoni ananiambia, "Lia baba, wimbo mzuri huu."

Nimefikiri njia nzima ya kurudi. Wimbo ule wengi wameusikia, lakini wanaoujua wote, sauti kwa sauti, ni watu watatu. Mimi. Wewe, uliyeapa, na uko Viena na farasi wako. Na Kopl. Kikulacho ki nguoni mwako, Berish. Nimemfukuza Kopl kwenye kundi.

Nilimburuta kwa rabi. Rabi, ambaye harusini huja bibi harusi akishaketishwa, akasema hawezi kuamua kesi ya wimbo bila kuusikia. Nikakataa kuupiga, maana angeujua na yeye, tungekuwa wanne. Rabi akashika kichwa. Akamuuliza Kopl, "Umempa mtu wimbo huu?" Kopl akasema, "Sikumpa." Akamuuliza, "Wimbo wenyewe ni wa nani?" Kopl akanitazama kitambo kirefu, mpaka nikaona aibu kwa niaba yake, halafu akasema, "Wa Zavel." Umeona? Kakiri mwenyewe.

Toybe anasema nimemfanyia kaka yake unyama. Nakula samaki wa chumvi baridi siku ya tano leo. Niandikie neno la kunifariji.

Zavel


Viena, 3 Machi 1909 (haikutumwa)

Mjomba wangu mpendwa,

Mwache Mjomba Kopl. Ni mimi. Profesa aliponiuliza kama kwetu hawalii, nilipanda chumbani nikalia kweli, na nilipokuwa nalia mkono ukaandika wenyewe ule wetu, wote, na kwikwi ya katikati nikaiwekea alama ndogo juu yake ili wapiga selo wasiikose. Sikufikiri kama ungefika Rezinka. Rezinka hakufiki hata daktari! Nimelaaniwa. Mjomba Kopl ndiye aliyenibeba mabegani kwenda shule ya kwanza, na leo ananibebea na hili. Kesho asubuhi naitia barua hii posta


Viena, 4 Machi 1909

Shikamoo Mjomba,

Natumai barua hii inakukuta katika afya na utulivu, hasa utulivu. Huku theluji inayeyuka. Farasi wa sarakasi anaumwa jino.

Nimehuzunika kwa habari zako. Lakini tusihukumu haraka, Mjomba. Profesa wangu anasema nyimbo ziko hewani, na watu wawili wasiojuana wanaweza kuvuta wimbo mmoja. Labda Yoyne aliuvuta. Upepo wa Rezinka ni mkali, mwenyewe unajua. Au labda alisimama nje ya dirisha la harusi zetu miaka ya nyuma. Kuta zina masikio, na madirisha zaidi.

Nakuomba umrudishe Mjomba Kopl. Sisemi kwamba najua lolote. Nasema tu kwamba namfahamu.

Nakutumia nyuzi mpya za fidla, na ngozi mpya ya ngoma, nzuri sana, kwa ajili ya Mjomba Kopl. Na pipi kwa Mama Toybe. Na mkanda kwa mbuzi.

Mpwa wako,
Berish


Kalarivka, siku ya kumi ya kuhesabu tangu Pasaka, Aprili 1909

Berish,

Salamu. Sikukuu imepita salama. Mkanda umeliwa.

Siku hizi za kuhesabu unazijua: hakuna harusi, hakuna muziki, hakuna kunyoa. Mwenyezi Mungu amewapa watu wengine wiki hizi za kuomboleza, na kinyozi mpiga fidla amempa wiki za kukaa kibarazani akiongeza hasira. Mji mzima una manywele. Jana nilimsalimia muuza maji nikidhani ni rabi.

Swali langu la kwanza: kwa nini umtumie mtuhumiwa ngozi ya ngoma? Naliacha hapo.

La pili. Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni. Nimekutana na Yoyne Mwekundu sokoni, nimemshika kola. Akacheka. Anasema hakuiba kwa mtu. Ameununua dukani Kishinev, umechapishwa, karatasini, picha ya mwanamke mwenye kinubi juu ya jalada! Nikamwambia hakuna mpumbavu wa kuandika jina lake kwenye wimbo wa mtu. Akasema jina lipo, Bernhard Kalarius, wa Viena.

Basi mambo yamejulikana: Kopl alimuuzia huyo Bernhard. Kwa njia gani sijui, mtu hajawahi kuvuka mto. Lakini Bernhard mwenyewe namlaani kila asubuhi kabla ya chai. Aalikwe harusi mia moja na zote akae mbele ya tarumbeta linalotema mate. Asinzie kwenye kiti cha kinyozi mwenye chafya. Watoto wake wote wapende kuimba na hata mmoja asijue. Wewe uko huko huko, uliza uliza. Ukimpata huyo Kalarius mtemee mate kwa niaba yangu.

La tatu sikutaka kuliandika, ila Toybe amesimama nyuma yangu. Kopl amekata tiketi ya Amerika. Anaondoka baada ya Sikukuu ya Majuma. Hakuna kundi jingine la kumchukua, nani amchukue mwizi? Anapasua kuni kwenye bafu la umma na watu wanamkwepa njiani. Ana miaka hamsini na minne, hajui lugha yoyote ya huko, na hata ya hapa haongei. Siku ya thelathini na tatu, muziki ukiruhusiwa, tuna harusi ya Frume-Etl, binti wa mfanyabiashara wa mbao, na sina mpiga ngoma. Nimempa ngoma mtoto wa muuza maji. Anaipiga kama anayefukuza kunguru.

Zavel


Viena, 24 Aprili 1909

Mjomba,

Leo sisalimii, nikisalimia nitaanza kuzungusha maneno tena.

Bernhard Kalarius ni mimi. Niliona kwamba "Berish wa Kalarivka" halitoshi kwenye jalada. Nimejitemea mate kwenye kioo kama ulivyoagiza, na mwenye nyumba amenikaripia.

Mjomba Kopl hakuuza chochote. Mimi niliyeapa juu ya ngoma yake ndiye niliyeuandika, nikapewa zawadi, nikapigiwa makofi, nikainama mara nne. Nilijua tangu barua yako ya Februari. Niliandika ukweli, nikaulaza chini ya godoro, nikakutumia mkanda wa mbuzi. Nilikuogopa wewe. Na niliogopa kwamba ukinikana, nitabaki Bwana Kila Kitu asiye wa popote.

Nitumie laana zote, nimezistahili, ile ya tarumbeta hasa. Lakini nenda kwa Mjomba Kopl leo hii, kabla hujamaliza kusoma. Mwambie mwizi ni mimi. Mji mzima uambiwe. Akiondoka kwa ajili yangu sitapiga tena hata sufuria.

Berish


Kalarivka, siku ya thelathini na tano ya kuhesabu, 1909

Kwa Berish, na kwa Bernhard, yeyote atakayefungua,

Toybe anakusalimu, na amepika. Nimekula supu ya moto, kwa hiyo nakuandikia nikiwa na akili zangu.

Barua yako ilipofika nilitaka kuja Viena kwa miguu nikupige na upinde wa fidla. Nilifika mpaka kwenye lango. Pale langoni miguu ikageukia bafuni, kwa Kopl. Nilimkuta na shoka.

"Kopl," nikamwambia, "mwizi kapatikana."

"Nani?"

"Berish."

Akapasua gogo jingine. "Mtoto wetu?"

"Mtoto wetu huyohuyo. Kauandika, kauchapa, kauwekea mwanamke wa kinubi."

"Na huko Viena wakausikiliza?"

"Wazee wawili walilia, anasema."

Akaweka shoka chini, akajifuta mikono polepole, akaniuliza, "Ngoma ilikuwemo?"

Nikamwambia hapana, ni fidla na selo tu. Hapo ndipo alipokasirika! Miezi mitatu nimemwita mwizi hakukunja hata uso. Kusikia hakuna ngoma, kapiga teke kuni zote. "Mtu anauandikaje wimbo wangu bila ngoma?"

Umesoma sawasawa. Wangu. Kisha akashika mdomo, akasema, "Samahani Zavel."

Yeye ndiye aliyeniomba samahani, Berish. Mimi!

Kwa hiyo sikia, na Toybe amesimama nyuma yangu kuhakikisha naandika. Babu yangu hakutunga kitu. Babu yangu alikuwa na masikio mabovu na aliuza chumvi. Miaka ishirini na miwili iliyopita tulikuwa tunarudi na mkokoteni kutoka harusini, mimi na Kopl, na Kopl alikuwa anapiga mluzi. Kuna msichana wa Rezinka alikuwa amemkataa siku hiyo. Nikauliza, "Ni nini hicho?" Akasema, "Si kitu." Harusi iliyofuata bibi harusi alikuwa mgumu, mkono wangu ukaupiga. Wakauliza umetoka wapi, nikasema kwa babu yangu, maana nani angeheshimu wimbo wa mpiga ngoma? Kopl alikuwa nyuma yangu. Alisikia. Akapiga ngoma yake. Nikangoja aniseme siku hiyo, nikangoja mwaka, baadaye nikasahau kwamba nilikuwa nangoja. Mwisho nikamwamini huyo babu. Hata kwa rabi, alipoulizwa wimbo ni wa nani, neno moja lingemwokoa na kuniangamiza mimi. Umesoma alivyojibu. Mimi ndiye niliyekuandikia, kwa mkono huu, nikijisifu.

Toybe alijua siku zote. Ndiyo maana ya samaki baridi.

Nimekwenda na Kopl kwa rabi nikasema yote. Rabi akasema sasa basi apigiwe huo wimbo, amechoka kuhukumu kitu asichokisikia. Nikaupiga. Akalia, akatufukuza.

Juzi tulipiga harusi ya Frume-Etl. Kabla ya kumketisha nilimwambia mcheshi atangaze kwa sauti: wimbo huu ni wa Kopl mpiga ngoma, na Zavel kinyozi aliuiba. Watu walicheka, walidhani ni utani wa harusi. Ikabidi nipande juu ya kiti niseme mwenyewe. Kisha nikapiga. Zamu ya kwanza, ya pili, naisikia ngoma nyuma yangu. Zamu ya tatu siisikii. Nimegeuka. Kopl ameishika ngoma kama mtu aliyeshika mtoto, analia, ndevu zote zimelowa. Frume-Etl, ambaye hata hakuwa ameanza, akainuka kitini na shela lake akampelekea leso, na alipomfikia naye akaangua kilio. Mama mkwe anasema hajawahi kuona harusi nzuri kama ile.

Tiketi bado anayo mfukoni. Sikuthubutu kumwomba abaki, sina uso huo. Toybe alimuuliza. Amesema hawezi kuamua mpaka aone karatasi yenye ngoma ndani yake, iliyochapishwa, kwa sababu hataki kufika Amerika akute wanaupiga vibaya.

Basi iandike, Berish. Kaa chini leo. Jina lake liwe juu, herufi kubwa, juu ya huyo mwanamke wa kinubi. Lako weka chini, dogo. Langu usiliweke.

Zavel